Maneno Yaliyosemwa kwa Ukuta

Ichenjezya, Vwawa
4 Machi 2024

Kwa mkwe wangu, Mama Shadrack,

Salamu katika jina la Bwana. Naomba mniwie radhi kwa kimya changu kirefu. Tangu tulipomsindikiza Enesi kwenu mwaka jana, baada ya mavuno, sijawaandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyeahidi kuandika. Nilidhani kimya ni dalili ya amani. Naona nilijidanganya.

Jumamosi kondakta wa Hiace alinipa ujumbe wenu mbele ya abiria: "Mwalimu, Mama Shadrack wa Tunduma anasema mje mzungumze na mwanenu." Abiria mmoja akacheka. Mkwe, jambo la nyumba halipewi kondakta alitangaze stendi. Wala halisemwi kwa simu, ambako mtu hutamka neno leo na kesho akalikana. Ndiyo maana naandika, na naomba nanyi mniandikie, katika bahasha iliyogundishwa vizuri.

Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, Enesi amefanya nini? Pili, je, ni kweli mnataka tuzungumze, au mmekwisha kuamua na sasa mnanitafuta nije kumchukua? Nauliza hivyo kwa sababu nimeona wakwe wengi wakianza na neno "kuzungumza" na kumaliza kwa binti kushushwa stendi pamoja na sanduku lake.

Mama yake Enesi alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Nimemlea mwenyewe mpaka akawa mtu mzima, na mwanenu akamwoa kwa hiari ya wote wawili. Si mwizi, si mvivu, na si mtu wa maneno mengi. Kama ana kosa, litajeni kwa jina lake.

Mkwe wenu,
Mwalimu Abrahamu Nzunda


Sogea, Tunduma
11 Machi 2024

Mkwe wangu Mwalimu,

Shikamoo. Barua yenu nimeisoma kwa kurudia, maana maneno yenu yamenyooka kama rula na yanauma kama rula.

Mmetaka kosa litajwe. Haya. Katika nyumba hii vitu vinapotea, kisha vinazaliana. Nikiweka chumvi kabatini, kesho yake kuna chumvi nyingine mpya mezani. Nikiweka viberiti, vinaonekana vingine. Juzi nilifagia chumbani kwake nikakuta chini ya kitanda visu, vichujio vya chai, miiko na viberiti vya kutosha kufungua genge. Mtu mwenye nyumba yake ana haja gani ya kukusanya vyombo chini ya kitanda? Jirani yangu Tabita anasema amemwona zaidi ya mara moja akivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na mfuko mweusi, bila kuniaga. Mimi nauza vitenge mpakani tangu ujana wangu. Najua watu wanavyohama kidogo kidogo.

Halafu kuna dharau. Nikishapanga vyombo kabatini, yeye huvitoa vyote na kuvitandaza kwenye meza na sakafu kama mnada. Wageni wetu wa Zambia wakija, nasema, "Jamani, wageni wana koo kavu." Ananiangalia, anajibu, "Ndiyo, mama," na anabaki ameketi! Jumapili nilisema, "Mawingu haya yamekaribia nguo." Akatoka, akayaangalia mawingu, akarudi. Nguo zikalowa zote.

Shadrack yuko safarini na lori, Kongo. Akirudi baada ya Pasaka, tarehe 13 Aprili, tutakaa kikao cha ukoo. Baba yake mdogo, Ombeni, amekwisha kusema kwamba mke asiyesikia anarudishwa kwao akafundishwe. Mimi sijasema hivyo.

Nesta Sichone, Mama Shadrack


Ichenjezya, Vwawa
18 Machi 2024

Mkwe wangu,

Nimepokea mashtaka yenu.

Mmeingia chumbani kwa mke wa mtu na kuinama chini ya kitanda chake. Mnaita kufagia. Mimi nimefundisha watoto kwa muda mrefu, na ninafahamu tofauti kati ya kufagia na kupekua.

Kuhusu Nakonde, hatuna ndugu huko. Sina sababu ya kuamini maneno ya jirani ambaye kazi yake, kwa jinsi ninavyofahamu, ni kuketi mlangoni na kuhesabu miguu ya watu. Nimefanya uchunguzi wangu. Tabita huyo alimwona Enesi na mfuko, lakini hakuona kilichokuwamo. Mengine ameyapika.

Kuhusu koo kavu na mawingu, nashindwa kuelewa. Kama mlitaka maji yaletwe, kwa nini hamkusema, "Enesi, leta maji"? Kama mlitaka nguo zianuliwe, kwa nini hamkusema, "Enesi, anua nguo"? Hapa nyumbani hakuwahi kuagizwa jambo akaacha kulifanya. Anayesema fumbo na kisha kulalamika kwamba hakusikilizwa, huenda alitaka asisikilizwe ili apate la kulalamikia.

Naanza kuamini kwamba kikao hicho kina hukumu tayari.

Abrahamu Nzunda


Sogea, Tunduma
25 Machi 2024

Mwalimu,

Mlionekana.

Jumamosi ya tarehe 16, karibu na soko, mmeshusha kofia mpaka kwenye nyusi, mnamhoji Tabita nyuma ya banda la mtu wa vitenge ambaye ni mpwa wangu! Tabita alikuja mbio, "Mama Shadrack, mkweo yupo mjini anafanya upelelezi, na amevaa koti la sufu kwenye jua hili." Nikaandaa chakula. Nikachinja kuku. Mpaka jioni, kimya. Mlipanda gari mkarudi Vwawa bila kumsalimu hata mwanenu. Halafu mnaniandikia "nimefanya uchunguzi wangu". Mimi nimepekua chumba kimoja; ninyi mmepekua mtaa mzima.

Sasa nisikilizeni kuhusu hayo mnayoita mafumbo. Katika ukoo wetu mama mkwe hamwagizi mke wa mwanawe kama mtumishi wa ndani. Mpaka atakapopata mtoto na kukabidhiwa jiko lake mwenyewe, tunasema kwa pembeni. Tunasema na ukuta, au na kuku anayepita mlangoni. Mkwe anasikia, ananyanyuka, na hakuna aliyeamrishwa. Mama mkwe wangu alisema nami hivyo, na mpaka anazikwa hakuwahi kuniita jina na kunituma. Hiyo ndiyo heshima niliyompa Enesi. Kumwambia "leta maji" ni kumfanya kijakazi, na mimi sikumleta kijakazi.

Lakini ili msiseme naonea, nilifanya jaribio. Nilichukua mkebe wa chumvi mbele yake nikauweka kabatini, nikafunga mlango wa kabati. Alikuwa ananiangalia. Asubuhi nikasema na ukuta, "Mboga isiyo na chumvi hailiki." Hakunyanyuka. Baadaye nikamsikia anapekua mezani na dirishani, kisha akatoka. Alirudi na chumvi ya dukani. Kabati hakuligusa. Niambieni, Mwalimu, mtu aliyeona chumvi ikiingia kabatini anakwendaje kununua nyingine, kama si kwamba ana mpango na vitu?

Nesta


Ichenjezya, Vwawa
2 Aprili 2024

Mkwe wangu,

Ni kweli, nilikuwa Tunduma. Sikuingia kwenu kwa sababu nilitaka kusikia habari kabla hazijapangwa kwa ajili yangu. Kuku wenu sikumfahamu. Nasikitika kwa kuku.

Jumatatu ya Pasaka alikuja kunisalimu Irene, niliyemfundisha darasa la nne na ambaye sasa anafundisha kitengo cha elimu maalumu. Nilimsomea barua zenu, nikitarajia ashangae pamoja nami. Hakushangaa. Aliniuliza, "Mwalimu, hapa kwako kabati la vyombo liko wapi?"

"Sina kabati," nikamjibu. "Kila kitu kimetundikwa ukutani kwenye misumari. Unaona mwenyewe."

"Na Enesi ulikuwa unamtuma vipi?"

"Jambo moja, kwa sentensi kamili. Akilimaliza, la pili. Kama ninavyowatuma watu wote."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Mwalimu, sisi darasa la nne tulikuwa tunakuita Amri Kumi! Lakini kwa Enesi ulijenga nyumba inayomfaa bila kujua."

Kisha akasema neno "usonji". Nilimkatiza. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa watoto wasiosema kabisa, na mwanangu anasema, anashona, anasoma. Irene akasema watu wenye usonji hawafanani. Wako ambao kitu kikifichwa nyuma ya mlango wa kabati hawakipati tena akilini, hata kama walikiona kikiingia. Lazima kionekane ndipo kiwepo. Wako ambao ukiwapa maagizo matatu kwa pumzi moja, la kwanza na la tatu yanaanguka njiani. Na wako ambao hulichukua neno kama lilivyotamkwa, hawatafuti lingine nyuma yake. "Sisemi ni yeye," akasema. "Hilo husemwa na mtaalamu aliyemwona. Ila ningekuwa ninyi, ningemuuliza mwenyewe."

Nawaandikia haya kwa shingo upande. Naogopa neno hilo. Naogopa litumiwe kikaoni na Ombeni kumrudisha binti yangu kama redio iliyokutwa mbovu baada ya kununuliwa. Mkilitamka siku hiyo, nitajua nia yenu.

Pamoja na barua hii imo bahasha ya Enesi. Mpeni kama ilivyo. Siku ya kikao nitakuja na gari. Sitakubali aketishwe kama mshtakiwa; nitamchukua.

Abrahamu Nzunda


Sogea, Tunduma
6 Aprili 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hii nimeandika mwenyewe, mezani, karibu na dirisha. Umeniuliza maswali manne. Nayajibu kwa mpangilio wako.

Visu na viberiti. Mama akiweka kitu kabatini, kwangu kimeondoka. Najua kwamba hiyo haina maana. Najua kabati lipo. Lakini nikitaka chumvi, naiona mahali ilipokuwa jana, na mahali hapo hakuna kitu, basi kichwani chumvi imekwisha. Nanunua nyingine. Baadaye mama anafungua kabati, na chumvi ipo, naona aibu. Nikaanza kuficha nilivyonunua, ili asijue kwamba nimesahau tena. Kuficha ndiko kulikofanya nionekane mwizi.

Nakonde. Kuna duka dogo karibu na mpaka ambalo vitu vyote vimening'inizwa kwa kamba, na mwenye duka haongei sana. Nikisimama mlangoni naona kila kilichopo. Napumzika hapo. Ndiyo maana navuka.

Kutandaza vyombo. Navitandaza ili vibaki.

Maneno ya mama. Hili ni gumu kuandika. Mama husema akiwa ameuelekea ukuta. Husema mambo kama koo kavu, mawingu, mboga. Baba mkwe alifariki, na Shadrack yuko safarini kila mara. Nilidhani mama anaongea peke yake kwa sababu ya upweke. Niliona ni adabu kutosikiliza maneno ya mtu anayejisemea, hivyo nilikuwa naimba kimoyomoyo mpaka amalize. Akiniangalia nilisema "Ndiyo, mama" ili asijione yuko peke yake.

Neno ulilolitaja nilikwisha kulisikia redioni. Sijui bado kama ni langu. Shadrack, alipokuwa ananichumbia, alinionyesha lori lake. Kila spana ilikuwa imening'inia mahali inapoonekana. Nilimwambia, "Ndani ya hili lori ningeweza kuishi." Alifikiri natania.

Usije na gari kabla hujaniuliza.

Mwanao,
Enesi


Ichenjezya, Vwawa
9 Aprili 2024

Mkwe wangu,

Barua ya Enesi imefika. Bahasha yake ilikuwa imefunguliwa na kugundishwa tena kwa uji wa sembe. Mimi ni mzee, lakini sijawa kipofu.

Kwa hiyo nalazimika kuuliza: je, maneno niliyoyasoma ni yake, au yamepunguzwa na kuongezwa? Mstari wa mwisho unanizuia nisije na gari. Unawafaa ninyi kupita kiasi. Mwandiko ni wake, lakini mwandiko hauthibitishi kwamba hakuna aliyesimama nyuma ya kiti.

Tarehe 13 nitakuja na gari kama nilivyosema.

Abrahamu Nzunda


Sogea, Tunduma
11 Aprili 2024

Mwalimu,

Niliifungua kabla ya kuituma. Sembe ni yangu, na vidole ni vyangu. Nilitaka kujua ananisema vipi kwenu. Sikuongeza neno wala kupunguza.

Nilisoma mpaka pale anaposema nilikuwa najisemea kwa upweke, na kwamba alikuwa anaimba kimoyomoyo ili asinisikilize, kwa adabu. Mkwe, nilikaa kwenye kigoda nikiwa na bahasha mkononi mpaka maharage yakaungua. Miezi yote hiyo mimi nilikuwa namheshimu yeye na yeye alikuwa ananiheshimu mimi, na kila mmoja alikuwa anamwona mwenzake hana adabu.

Na ubaya wake ni kwamba hakukosea kuhusu upweke.

Kesho yake, siku aliporudi Shadrack, nilimwita. Nikasema, "Enesi, chota maji." Nilihisi kama nimemtukana. Akachota. Akarudi, akasimama mbele yangu, akasema, "Asante, mama." Nikasema, "Enesi, anua nguo." Akaanua. Tabita alikuwa kwenye uzio, akapaza sauti: "Mama Shadrack, umeajiriwa jeshini? Mbona unamkimbiza mtoto wa watu?" Nikamwambia achunge sufuria yake. Lakini ndivyo ukoo utakavyosema pia, kwamba nimemgeuza mke wa mwanangu kijakazi.

Nimefikiri kumpa jiko lake mwenyewe sasa, kile chumba cha nyuma, apige misumari anavyotaka. Tatizo ni kwamba kwetu mke akipewa jiko kabla hajapata mtoto, watu husema ametengwa kwa ugomvi. Ombeni atalishika hilo.

Lile neno la Irene sitalitamka. Nanyi msije na gari.

Nesta


Sogea, Tunduma
15 Aprili 2024

Baba yangu Mwalimu Abrahamu na mama yangu Nesta,

Shikamooni. Barua hii nimeinakili. Moja inakwenda Vwawa, nyingine nimempa mama mkononi. Maneno ni yale yale, kwa hiyo hakuna haja ya mmoja wenu kumshuku mwingine juu yake.

Nataka mjue jinsi nilivyokisikia kikao cha juzi, kwa sababu nadhani hamjui.

Baba mdogo Ombeni alisema, "Binti, jibu ni fupi tu. Unabaki au unakwenda?" Nikawa nafikiri. Akasema, "Huyu anaficha kitu." Baba ukasema mwanangu haulizwi namna hiyo, na mama ukasema kwa wakati ule ule kwamba Ombeni apunguze sauti, na Tabita dirishani akasema mbona amenunua visu vingi, na mtu akaongeza habari ya chumba cha nyuma, na dereva wa baba akapiga honi nje. Nilisikia sauti zenu zote. Sikusikia hata neno moja.

Ndipo niliposema, "Naomba mtu mmoja aseme, jambo moja." Wengine waliona nimekosa heshima. Nilimwona Ombeni akitikisa kichwa.

Shadrack alisogeza kiti. Akasema, "Enesi, mama amekubali upewe jiko lako." Akangoja mpaka nikamwangalia. Akasema, "Baba amekuja na gari." Akangoja. Akasema, "Mimi nataka ubaki. Ukienda, nitakuja Vwawa kukusalimu. Sitakuja kukulazimisha." Akangoja tena. Hayo matatu niliyasikia yote.

Sikujibu siku ile, na sasa naona kila mmoja wenu amejitwalia jibu. Baba, gari liliondoka bila mimi, na umempigia Irene kumwambia kwamba nimefungiwa. Sijafungiwa. Mama, tangu jana unawaambia watu sokoni kwamba nimebaki. Sijabaki. Ufunguo wa chumba cha nyuma uko mezani, na sijapika humo.

Nina sababu ya kungoja, na naiandika ingawa si nzuri kusomwa. Mama, wiki hii umenisemesha vizuri, jambo moja moja, na umenisubiri. Lakini wiki hii Shadrack yupo. Alhamisi anaondoka tena kwenda Kolwezi. Mtu anaweza kuwa mwema kwa sababu mwanawe anaangalia. Sisemi ndivyo ulivyo. Sijui, na nataka kujua. Nitaangalia nyumba hii ikiwa sisi wawili tu, wageni wakija, Tabita akisema, nawe ukiwa umechoka.

Baba, nawe ulisema umekuja kunisikiliza. Irene aliniambia kwa simu kwamba godoro langu lilikuwa limekwisha kutandikwa kabla hujaondoka Vwawa. Nyumbani kwako sipotezi kitu. Nalala vizuri. Lakini huko sikuwahi kuulizwa ninachotaka. Niliagizwa, nikafanya, na wote tukadhani hiyo inatosha. Kwa hiyo nako nataka kujua kama ninapapenda, au nimepazoea tu.

Naomba kondakta asiniletee ujumbe wa mdomo. Naomba mama usibishe hodi chumbani kuniuliza nimefikia wapi. Ombeni akiuliza, mwambieni kwamba sifichi kitu, nafikiri, na kwangu kufikiri huchukua muda.

Nikishaamua, nitawaandikia wote wawili siku hiyo hiyo.

Enesi Nzunda